Msomaji wa Makete, bati lako halijatoboka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Makete aliyeandika wiki mbili zilizopita. Aliuliza kwa nini dari ya nyumba yake inadondosha maji mwezi wa saba, wakati mvua ya mwisho kwao ilinyesha mwezi wa tano, na kama ni haki yake kumdai fundi abadilishe bati. Barua ile nimeisoma mara tatu. Mwaka 2020 ningeweza kuiandika mimi.

Ndugu yangu, kabla hujang'oa bati hata moja, kesho amka mapema jua likiwa bado halijapiga paa, chukua tochi, panda darini uangalie upande wa chini wa bati. Ukikuta maji yamejipanga bati zima, hata pale pasipo na msumari wala maungio, basi bati lako ni zima. Maji hayo hayakutoka mawinguni. Yametoka sebuleni kwako, jikoni kwako, bafuni kwako, na vifuani mwa watoto wako waliolala.

Nieleze nilivyojua.

Nimefundisha Sayansi katika shule za msingi kwa miaka 31. Nilipostaafu nilichukua kiinua mgongo changu nikajenga hapa Njombe Mjini: nyumba yangu, na uani vyumba viwili vya kupangisha. Tofali za kuchoma, bati la migongo mipana, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya kusukuma. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita hadi wa nane baridi yake mnaijua. Kwa hiyo nilimsihi fundi azibe kila upenyo. Vile vitofali vya matundu vinavyokaa juu ya madirisha nilimwambia asiviweke kabisa. Madirisha ya nako, yale ya vioo vya vipande vinavyopangana, niliyakataa kwa sababu yanapitisha upepo hata yakifungwa. Nilitaka nyumba isiyoingiza baridi, na fundi alinipa nilichotaka.

Nilihamia Januari 2020. Juni, vioo vikaanza kuamka vimelowa, maji yanatiririka hadi kwenye fremu. Sikujali, nikawa nafuta kwa kitambaa. Julai, kona ya chumba changu nyuma ya kabati ikaota madoa meusi kama pilipili manga iliyomwagwa. Siku moja nikafungua kabati lenyewe kutoa koti la sufu la marehemu mume wangu. Ni koti ambalo sikuwahi kulivaa wala kumpa mtu, nililihifadhi tu. Kola yake yote ilikuwa imeota kuvu la kijani, laini kama manyoya ya kifaranga, na mfuko wa ndani alimokuwa akiweka miwani ulikuwa umeshikana. Nilikaa kitandani nikalia. Baadaye ndipo nikasikia mjukuu wangu anakohoa chumba cha pili, kikohozi kilekile cha wiki ya tatu, na nikajua jambo hili si la koti tu. Mtoto yule ana pumu.

Nikamwita fundi rangi. Akakwangua, akapaka rangi aliyosema inazuia fangasi. Baada ya miezi miwili madoa yakarudi, kwanza kwenye kona, kisha yakashuka. Akarudia, na ya tatu nikanunua rangi ya bei juu zaidi. Naomba kila anayesoma hapa alishike hili: rangi haikaushi ukuta. Fangasi inahitaji maji na chakula, na chakula chake ni vumbi, karatasi ya jipsamu, mbao, hata rangi yenyewe. Chakula huwezi kukimaliza ndani ya nyumba. Kinachoweza kuondolewa ni maji, na huwezi kuyaondoa kama hujui yanatoka wapi.

Hapa kuna jambo linaloniuma kuliko gharama ya rangi. Vyumba vya uani nilikuwa nimempangisha binti mmoja na mumewe, wana mtoto mchanga. Ukuta wao ulikuwa na hali mbaya kuliko wangu. Nikamwita binti yule nikamsema. Nikamwambia anapikia ndani, anaanika nepi ndani, hafungui madirisha, ananiharibia nyumba. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, dirisha nafungua, lakini ukuta unalowa kuanzia chini." Sikumsikiliza. Walipohama Agosti nilikata fedha ya kupaka rangi kwenye kodi waliyokuwa wamelipa mbele. Wenye nyumba wengi tunafanya hivyo, na wapangaji wanakubali kwa sababu hawajui pa kwenda kulalamika.

Aliyenifumbua macho alikuwa seremala, mzee wa Kibena aliyekuja mwaka uliofuata kurekebisha mlango uliovimba ukagoma kufungika. Baada ya kamwene, salamu ya kwetu, na kikombe cha uji, aliupapasa ule mlango ubavuni akasema, "Mwalimu, huu mlango umeshiba maji. Nani anaunywesha?"

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, alinishikia ngazi tukapanda darini. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Akamulika. Misumari ya bati ilikuwa imepenya papi, zile mbao zinazobeba bati, na kutokeza upande wa pili, na kila ncha ya msumari ilikuwa imebeba tone. Kila ncha, safu kwa safu, mpaka mwisho wa nyumba. Bati lenyewe lilikuwa linatoka jasho kama paji la uso la mtu aliyetoka kulima mlimani. Alipopitisha kiganja, kikarudi kimelowa chote. Chini yetu jipsamu ilikuwa na duara za rangi ya chai kila mahali tone lilipokuwa limezoea kuangukia.

Kisha akamulika upande wa bafu. Nilikuwa nimefunga feni ya kuvuta mvuke, maana naoga kwa shawa ya umeme na maji ya moto sana. Bomba la feni ile halikutoka nje. Lilikuwa limekatwa hapohapo darini, mdomo unatazama bati. Mwaka mzima nilikuwa navuta mvuke kutoka bafuni na kuuhifadhi juu ya kitanda changu.

Kwa miaka yote ile niliwaonyesha watoto wa darasa la nne mfuniko wa sufuria: unafunua, unaugeuza, maji yanadondoka, unawauliza yametoka wapi. Bati ni mfuniko. Hewa ya nyuzi joto 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 10 inabaki na uwezo wa gramu 9 na kidogo tu. Zilizozidi lazima ziachwe mahali, na zinaachwa kwenye kitu cha baridi kuliko vyote kilicho karibu. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani hadi likawa la baridi kuliko hata hewa ya nje. Ndiyo maana jasho linakuwa baya zaidi usiku wa nyota nyingi, ule ambao asubuhi yake majani yanaamkia barafu. Kioo cha dirisha ni hivyohivyo. Na kona ya nyuma ya kabati, ukuta wa nje ambao joto la chumba haliufikii, ni hivyohivyo.

Maji yenyewe ni mengi kuliko tunavyodhani. Mtu mzima akilala kwa muda wa saa nane hutoa karibu theluthi ya lita kwa pumzi na jasho; chumba cha watu wanne kinaamka kimebeba zaidi ya lita moja. Nguo tunazoanika ndani nilizipima. Nilipeleka beseni kwa jirani yangu muuza maharage, tukaweka kwenye mizani yake nguo nilizokamua kwa mkono, kisha tukazipima tena zilipokauka. Tofauti ilikuwa kilo mbili na nusu. Lita mbili na nusu za maji zilizokuwa zikining'inia sebuleni, madirisha yamefungwa.

Na gesi. Nataka nieleweke vizuri hapa, maana mimi ni mtu wa gesi na ninaunga mkono mkakati wa taifa wa nishati safi wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nimevuta moshi wa kuni tangu utoto, siwezi kumtakia mtu arudi huko. Lakini gesi ikiungua inatengeneza maji. Kila kilo moja ya gesi ya kupikia inatoa kilo moja na nusu ya mvuke wa maji na zaidi. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani lita tisa hadi kumi, karibu ndoo nzima ya lita kumi, na hapo hatujahesabu mvuke wa sufuria ya maharage. Jiko la bibi yangu lilikuwa nje, limeezekwa nyasi, moshi na mvuke vinapenya juu kila mahali. Sisi tumeliingiza jiko ndani ya nyumba iliyozibwa kwa vioo, na hakuna aliyetukumbusha kuacha tundu.

Baada ya kushuka darini nilidhani nimemaliza, kumbe seremala alikuwa hajamaliza. Akauliza kuhusu vyumba vya uani. Nikamwambia ni mpangaji alikuwa anapika ndani. Akaomba kipande cha nailoni.

Jaribio hili kila mtu anaweza kulifanya leo. Chukua nailoni safi ya kuonyesha, ukubwa wa daftari, ibandike ukutani pale palipolowa kwa utepe wenye gundi pande zote nne, hewa isipite. Kwanza ufute ukuta ukauke juujuu. Iache siku mbili. Ukikuta maji upande wako, juu ya nailoni, maji yanatoka hewani. Ukikuta maji nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe.

Chumbani kwangu nailoni ililowa upande wangu. Kwenye vyumba vya uani ililowa nyuma.

Binti yule alisema kweli. Ukuta ulikuwa unalowa kuanzia chini. Tulipopima kwa macho, doa lilikuwa na mpaka unaoonekana, kimo cha kiuno, na juu ya mpaka kulikuwa na unga mweupe unaochomoza kwenye plasta kama magadi. Hiyo ni chumvi ya udongo inayopandishwa na maji; maji yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi itoke kwa magamba. Tofali la kuchoma linanyonya kama mkate kwenye chai. Kati ya msingi na ukuta inatakiwa ilazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, na nilipomuuliza fundi aliyenijengea, akakiri kwamba uani hakuiweka, kwa sababu ni "vyumba vya kupangisha". Maneno hayo sijayasahau. Na kosa langu liliongezeka juu ya lake: nilikuwa nimerundika udongo wa maua nyuma ya vyumba vile, umepita usawa wa sakafu ya ndani. Nilikuwa namwagilia maua kila jioni, na kumbe namwagilia ukuta wa mtoto mchanga.

Nilimtafuta binti yule. Anaishi upande wa pili wa mji. Nilimrudishia fedha yake yote, nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Akanipokea, akanikaribisha chai. Mtoto wake alikuwa ameshaanza kutembea, na aliniambia kikohozi kiliisha mwezi mmoja baada ya kuhama. Sina cheti cha udaktari, siwezi kusema kilichoponya. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 2009 kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu wanapata zaidi matatizo ya kifua, na pumu yao huzidi. Sisi wenye nyumba hatuna sababu ya kusubiri ushahidi mwingine.

Uani niliondoa udongo wote, nikachimba mfereji wa kina cha futi moja kando ya ukuta nikaujaza kokoto, nikaweka mifereji ya bati ili maji ya paa yasirukie ukutani. Plasta ya chini iliyojaa chumvi tuliibandua hadi kimo cha mita moja na robo, tukaacha tofali wazi kiangazi kizima kabla ya kupiga plasta mpya. Fundi alitaka kuifunika mapema kwa saruji nzito yenye dawa. Nilikataa, maana maji yaliyofungiwa chini huwa yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nailoni ya msingi bado haipo na kuiweka sasa ni kazi ya kukata ukuta kipande kwa kipande, kazi ambayo sijaimudu. Kwa hiyo ukuta ule haujapona kabisa, ila umepungua sana, na kodi ya vyumba vile nimeipunguza pia.

Ndani ya nyumba yangu kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Bomba la feni ya bafu tulilitoa nje kwa bomba la plastiki la inchi nne, likiwa na mteremko kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi. Chini ya kingo za paa, pande zote mbili, seremala alitoboa matundu akayafunga kwa wavu wa mbu, ili upepo upite juu ya dari na kuondoka na mvuke. Juu ya madirisha tulirudisha vitofali vya matundu nilivyokuwa nimevikataa. Kabati nililisogeza kutoka ukutani upana wa kiganja. Nguo zinaanikwa kwenye kibaraza hata kama zitachukua siku mbili, na siku ya ukungu mzito zinaanikwa bafuni, mlango umefungwa, feni inavuta. Sufuria inachemka na mfuniko. Asubuhi nafungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha nafunga. Hapo wengi wananibishia: utafunguaje dirisha Julai? Fungueni. Kuta hazipoi kwa dakika kumi, inayobadilika ni hewa, na hewa ya baridi ya nje ikishaingia na kupata joto inakuwa kavu.

Fangasi iliyokuwapo niliifuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kisha dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji, pua na mdomo vimefunikwa, dirisha wazi, mtoto yuko kwa jirani. Usiisugue kavu kwa brashi, utaipeperusha chumba kizima. Na dawa ile usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi inayoweza kuua.

Nikiwa kwenye gesi ya kuua, naomba Mhariri usilikate hili hata kama barua ni ndefu. Huku kwetu Njombe, Makete na Mbeya, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili wapate joto, kisha wanafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa kanga. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala haionekani, na aliyelala haamki. Wengine wanasema mkaa unakausha unyevu chumbani. Ninawasihi kama ninavyomsihi mwanangu: jiko libaki nje. Blanketi la pili, chupa ya maji ya moto miguuni, soksi. Vyumba vilivyozibwa kama nilivyoziba changu ndivyo vinavyoua haraka zaidi.

Kwa ndugu wa Makete: kwenu ni juu kuliko kwetu na baridi ni kali zaidi, kwa hiyo bati lako litatoka jasho zaidi. Kabla hujaenda kwa fundi, fuata kila bomba la feni mpaka mwisho wake uone linamwaga wapi. Angalia kama kuna tundu lolote chini ya kingo za paa. Bandika nailoni. Ukikuta tone limesimama sehemu moja tu, karibu na msumari mmoja, na linaongezeka siku ya mvua, hapo una haki ya kumwita fundi wako arudi. Ukikuta bati zima limelowa siku isiyo na wingu, mwambie aje na keekee ya kutobolea matundu ya hewa, na umlipe.

Koti la mume wangu nililisugua kwa brashi nje, nikalianika juani wiki nzima. Harufu imebaki kidogo kwenye mfuko wa miwani. Sasa linaning'inia kwenye msumari ukumbini, pale upepo unapopita.

Mwalimu mstaafu,
Njombe Mjini.